Ng'ombe Mwenye Nundu

Bucha moja kando ya barabara kuu pale Bunda imebadilisha ng'ombe wake. Wa sasa yuko kwenye bango la plastiki: mweupe mwenye mabaka meusi, mgongo umenyooka kama ubao, ametolewa intaneti na kuchapwa kwa mashine. Wa zamani alichorwa ukutani kwa rangi ya mafuta. Alikuwa mwekundu, nundu imesimama, pembe fupi, yule yule anayechungwa mkoa mzima wa Mara na kutolewa mahari. Fundi alimchora akimtazama mteja kwa jicho la pembeni, kisu kiko karibu naye na bado anatabasamu. Watoto waliotumwa nyama nusu kilo walimsalimia kwanza.

Pale plastiki isipofika zimebaki kwato mbili na maneno: KWA KAZI KAMA HII PIGA 0744. Namba zilizoanza hivyo ziligeuzwa 0754 miaka mingi iliyopita. Majirani wanasema fundi alishafariki, na kwamba alipenda kumpa kila ng'ombe macho ya mwenye bucha.

Simlaumu mwenye bucha. Jua na mvua za ukanda wa ziwa hubandua rangi, na bango halina gharama kubwa. Lakini namlilia fundi yule. Mafundi wa aina yake walikuja na makopo na brashi, wakavuta uzi wenye chaki ukutani ili herufi zikae sawa, na mtaa ukasimama kuwatazama. Musoma, kuta za vinyozi zilijaa vichwa vilivyopangwa kwa namba. Mtoto asiyejua jina la mtindo alinyoosha kidole kwenye namba tatu, akatoka na panki isiyofanana na mchoro hata kidogo, na wenzake wakapata la kucheka mpaka jioni.

Mmoja tunamkumbuka. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa, lakini jina lake likawa jina la mtindo. Kazi zake zilibebeka. Wageni walizinunua wakaondoka nazo. Ukuta haubebeki. Ukipakwa rangi mpya, kazi ya mtu imekwisha, wala hakuna anayetangaza msiba.

Butiama kuna makumbusho ya Mwalimu Nyerere, na kaburi lake liko pale Mwitongo. Picha yake rasmi inajulikana nchi nzima. Ninayemkosa ni Mwalimu wa kuchorwa kwa mkono kwenye kuta za madarasa, mashavu yamezidi kidogo, kofia imekaa upande, kila shule na Mwalimu wake. Ningeomba kijiji chake kitenge ukuta mmoja, hata wa uzio, waitwe mafundi waliobaki Musoma na Bunda wamchore kila mmoja anavyomjua. Na walipwe kabla hawajashuka ngazi.