Mahindi kwenye kopo la aiskrimu

Julai 2018 nilikuwa na mimba ya miezi sita, nikifanya kazi ya uuguzi hapa London. Mwaka ule joto lilikuwa kali, na nilichokitamani ni mahindi matamu ya kugandishwa. Niliyachota kwenye friza, nikayaacha yayeyuke, nikayachanganya na kachumbari. Sikuyapika.

Siku moja nikakuta tangazo dukani: wateja warudishe mahindi na mboga mchanganyiko za kugandishwa kwa hofu ya bakteria wa listeria. Chanzo kilikuwa kimefuatiliwa hadi kiwanda kimoja nchini Hungaria. Tangu 2015, katika nchi tano za Ulaya, Uingereza ikiwemo, watu 47 walikuwa wameugua na 9 kati yao wamefariki.

Nilirudi nyumbani mbio. Mahindi yalikuwa kwenye kopo la aiskrimu, maana kwetu kopo halitupwi. Pakiti ndiyo nilikuwa nimeitupa. Sikuwa na namna ya kujua kama ni hayo.

Nina stashahada ya nyumbani na shahada ya huku. Nilijua kwamba baridi ya friza haimuui listeria, na kwamba humdhuru mtoto aliye tumboni hata kama mama ameumwa kidogo tu. Lakini jikoni sikuwa nesi, nilikuwa mtu mwenye njaa.

Mkunga aliniambia dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 70; nikipata homa au maumivu ya mwili, nisisubiri. Nilizihesabu siku hizo moja moja. Mama akapiga simu: "Mwanangu, mahindi tu ndiyo yanakunyima usingizi?" Nikamwambia nimechoka na kazi.

Siku ya 70 ikapita. Oktoba nikajifungua binti, mzima.

Makopo bado ninayo. Siku hizi nakata kipande cha pakiti chenye jina, namba ya toleo na tarehe, nakitia humo humo. Sokoni kwetu ukiwa na shaka unamrudia mama aliyekuuzia. Huku unarudi na namba. Mboga za kugandishwa nazipika hadi zitoe mvuke, hata za kachumbari. Pia nimejiandikisha kupokea matangazo ya FSA, mamlaka ya viwango vya chakula. Ni bure, yanakuja kwenye simu.

Dada mjamzito unayesoma haya, leo fungua friza yako uangalie.