Mkuyu wa Famagusta

Mti ndio niliouona kwanza, na mara moja nikaujua: mkuyu, huu huu wetu wa kandokando ya mito, na makuyu yake yameng'ang'ania matawi mazito. Wenyeji husema ulipandwa mwaka 1299, ujenzi wa jengo lililo nyuma yake ukiwa ndio kwanza umeanza. Tuko Famagusta, pwani ya mashariki ya Kupro, mbele ya Msikiti wa Lala Mustafa Pasha.

Kwa nje ni kanisa, wala halijifichi. Milango mitatu ya matao yaliyochongoka, dirisha kubwa la mawe yaliyonakshiwa, minara miwili iliyokatika vichwa: hivyo ndivyo Wafaransa walivyojenga makanisa yao makuu. Hapa wafalme wa ukoo wa Lusignan, wakishavikwa taji la Kupro kule Nicosia, walikuja kuvikwa la pili, la Yerusalemu, mji ambao ulikwisha kuwatoka mikononi. Ufalme wa jina tu, lakini nadhani ngoma zilipigwa kweli.

Kisha wakaja Wavenisi, na baada yao Waosmani, walioizingira Famagusta karibu mwaka mzima. Agosti 1571 mji ulisalimu amri. Kamanda wake, Marcantonio Bragadin, alikuwa ameahidiwa usalama. Alichunwa ngozi akiwa hai. Kanisani sanamu na altare zikaondolewa, kuta zikapakwa chokaa, na juu ya mnara mmoja ukaongezwa mwingine wa adhana, mwembamba na mfupi, kama kidole cha mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusema.

Ndani, viatu vikishavuliwa, nguzo zinalivuta jicho mashariki, kilipokuwa kitovu cha ibada ya wale wa kwanza. Makka lakini iko kusini. Basi waumini huupa ubavu urefu wote wa jengo na kuelekea mihrabu iliyo upande wa kulia. Upogo huo haukufichwa kwa pazia wala ukuta, na ndio nilioupenda kuliko dari lote: mawe yaliachwa yalivyo, wakageuka watu.

Jina ndilo linalonikwaza. Kwa karne kadhaa msikiti huu uliitwa Ayasofya, hadi mwaka 1954 ulipopewa jina la Lala Mustafa Pasha, jemadari aliyeuteka mji na kumwua Bragadin. La kale lilitosha.