Namba 48 za Ex wa Staa: Usiku Niliofungia Laptopu Siku Mbili Kabla ya Video

Kabla sijaanza tuwekane sawa: majina sitaji. Najua wataalamu wa kubashiri mmeshajipanga, na pengine mmoja wenu atapatia, ila mimi sitasema ndiyo wala hapana. Mimi ni mhariri wa video tu. Nakata na kuunga picha za wasanii, na kazi zangu kadhaa mmeshazicheza kwenye simu zenu bila kujua nani alikesha.

Jamaa wa stori hii ni staa mkubwa. Laptopu tuliyokuwa tunafanyia kazi ni yake, alizawadiwa siku yake ya kuzaliwa na demu wake wa wakati huo. Huyo dada ndiye aliyeiwasha mara ya kwanza, akaingiza imeili yake ili mambo yaende haraka, ndipo akamkabidhi jamaa. Baadaye wakaachana, na bifu lenyewe mnalikumbuka. Jamaa akaongea kwa mafumbo kwenye mahojiano, mitandao ikamalizia. Dada wa watu akaitwa kupe, mchunaji, kila kitu.

Na mimi nilikuwemo. Chini ya posti moja ya kumwita kupe niliweka vikatuni vya kucheka. Vitatu.

Sasa twende kwenye kazi. Wimbo ulikuwa wa mama yake jamaa, aliyefariki mwaka mmoja nyuma. Video ilitakiwa kuanza na klipu fupi ya simu: mama yuko jikoni anageuza vitumbua, anainua macho, anauliza, "Umekula?" Basi. Sekunde chache tu, ila kila mtu aliyeiona studio alinyamaza. Klipu ile na picha zote tulizopiga siku tatu zilikuwa ndani ya laptopu ile tu. Bakapu? Sikuwa nayo. Diski yangu ya nje nilikuwa nimemwazima mtu. Nitukaneni tu, nimezoea.

Alhamisi, saa nne usiku, video inatoka Jumamosi. Nabonyeza nitoe kopi ya mwisho, mashine inagoma: nafasi imejaa. Nikakumbuka nina flashi ya zamani yenye programu ya kugawa diski, imeniokoa mara nyingi. Nikaichomeka, nikaizima na kuiwasha mashine. Flashi ikakataliwa. Nikaingia YouTube, jamaa mmoja akasema ingia BIOS, tafuta palipoandikwa Secure Boot, zima. BIOS, kwa wasioijua, ni ile mipangilio ya chini kabisa inayoamka kabla hata ya Windows. Na Secure Boot ni kama mkaguzi wa vitambulisho mlangoni: kinachotaka kuiwasha mashine lazima kiwe na saini inayotambulika. Flashi yangu ya zamani haikuwa na saini. Nikamzima mkaguzi.

Flashi ikafunguka, ila diski ya Windows ikaonekana kama boksi lililofungwa, hakuna faili hata moja. Hapo ndipo nilipaswa kustuka. Sikustuka. Nikachomoa flashi, nikawasha upya ili niendelee na njia nyingine.

Kioo kikawa cha bluu. Kinaomba ufunguo wa tarakimu 48.

Aisee. Arobaini na nane! Mimi paswedi ya Wi-Fi yenyewe huwa nauliza.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni hiki. Laptopu nyingi za Windows za miaka hii, ukiziwasha mara ya kwanza na akaunti ya Microsoft, zinaifunga diski yote kwa BitLocker bila kukupigia kelele. Ufunguo wa kila siku unatunzwa na chipu inayoitwa TPM, na chipu hiyo inautoa tu ikiona mashine inawaka katika hali ileile iliyozoea. Ukigusa Secure Boot, hali imebadilika. Ni kama mlinzi wa geti anayekufungulia kila siku, halafu leo umekuja na helmeti ya bodaboda kichwani. Hakufahamu, hafungui.

Na dawa ilikuwa rahisi, ndicho kinachoniuma mpaka leo. Ningerudi BIOS, nikawasha Secure Boot, nikaseva, kwa uwezekano mkubwa chipu ingeona hali imerudi na ingefungua yenyewe. Ningevua helmeti, basi. Lakini mtu ukiwa na hofu huwezi kurudi nyuma hatua moja, unataka kwenda mbele hatua tano. Nikafungua video nyingine, jamaa mwingine akasema safisha TPM. BIOS ikaniuliza una uhakika? Nikasema ndiyo. Yaani nilimfukuza kazi mlinzi pekee aliyekuwa na ufunguo. Niliporudisha Secure Boot ilikuwa saa nane usiku na haikusaidia chochote.

Ijumaa asubuhi niko Kariakoo, macho mekundu. Fundi wa kwanza kijana, duka la vioo, muziki juu. Akaangalia kioo cha bluu sekunde mbili. "Hiyo nakupigia Windows mpya, elfu thelathini, nusu saa unaondoka."

"Na vitu vya ndani?"

"Vya ndani ndiyo hivyo tena, bro."

Nusu nitoe hela, wallahi. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kuona mashine inawaka tu kungenitosha. Kilichonizuia ni ile sauti ya "Umekula?"

Jirani yake mmoja akanielekeza ghorofani kwa fundi mwingine, mzee, hana hata kibao mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umegusa nini?"

Siyo imefanya nini. Umegusa nini. Nikamweleza. Akaniambia nirudie, safari hii kwa mpangilio, nini kilianza na nini kilifuata. Nilipofika kwenye kusafisha TPM akafumba macho kama mtu aliyeumwa jino. Akatoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake, ikaomba ufunguo uleule. Alitaka tu nione kwa macho yangu kwamba kuhamisha diski hakusaidii, kufuli linatembea nayo.

"Haijafa hii, mwanangu. Imefungwa. Sasa niambie, imeili ya kwanza kabisa kuingia humu ni ya nani?"

Fundi wa chini hakuniuliza hilo. Kumbe kwa laptopu kama ile nakala ya ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyoianzisha, na usipoipata hata Microsoft wenyewe wanasema hawana cha kukusaidia. Mzee akaninukulia kwenye kikaratasi herufi na namba nane za utambulisho zilizokuwa kwenye kioo, akasema ufunguo sahihi utakuwa na utambulisho huo. Akachukua elfu tano tu, akarudi kwenye redio yake.

Nikampigia staa, najifanya sina presha. "Bro, laptopu ilianza na imeili gani?"

"Yangu. Kwani?"

Akaangalia kwenye akaunti yake. Hakuna ufunguo wowote. Nikamuuliza, na kabla ya yako? Akanyamaza.

"Ya yule. Na yeye usimtafute, nakuambia. Bora video isitoke."

Alisema vile kwa sababu hakujua kilichokuwa hatarini. Sikumwambia. Nilimwambia mashine imekwama kidogo. Nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi za ghorofa lile, watu wananiruka na maboksi yao, nikatafuta namba ya dada. Nilikuwa bado ninayo tangu enzi zile akituletea chakula studio.

"Mambo shem."

"Shem wa nani?"

Nikameza mate. Nikaanza kueleza mambo ya laptopu, akanikatisha.

"Nilikuona ulivyocheka. Vitatu."

Wadau, watu laki moja wamemtukana, na yeye alikuwa anakumbuka vikatuni vyangu na idadi yake. Maana mimi alikuwa amenipikia. Sikuwa na utetezi wowote. Nikasema, "Nisamehe, dada." Lile neno shem lilikataa kutoka tena.

Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani salio limekata. Kisha akauliza, "Kuna nini humo?"

"Klipu ya mama. Ya jikoni."

"Ile niliichukua mimi," akasema. Sauti ikabadilika. "Simu yenyewe niliibiwa. Sina kopi."

Akaniambia yuko kwenye daladala, akishuka atanipigia. Dakika arobaini nimekaa kwenye zile ngazi. Nikajiambia hapigi. Ningekuwa mimi nisingepiga.

Akapiga. Akaunti yake ilikuwa na funguo tatu za vifaa tofauti, tukalinganisha na kikaratasi cha mzee, wa pili ukakubali. Nikapanda juu, mzee akanipisha kwenye kiti chake. Nikamwomba dada anitumie kwa meseji. Akakataa. Akasema anataka nisikie sauti yake wakati naandika.

Basi akasoma. Makundi manane, kila moja tarakimu sita, taratibu kama mwalimu wa imla. Nyuma yake nasikia mtu anauza maji. Kundi la sita mashine ikakataa, nilikuwa nimesikia sita badala ya saba. Mzee akanieleza kwamba kila kundi lazima ligawanyike kwa 11 bila baki, ndiyo maana mashine inajua umekosea kabla hujamaliza. Dada akarudia. Nilipoingiza kundi la mwisho kioo kikazunguka kidogo, halafu ikatokea picha ya staa na mama yake.

"Imefunguka?"

"Imefunguka, dada."

"Usimwambie ni mimi. Sitaki kiki." Akakata.

Sikugusa kitu kingine. Nikashuka chini, nikanunua diski ya nje, nikakopi klipu ya mama kwanza, mengine yakafuata. (Na wewe unayesoma huku unawaza kuingia BIOS ili gemu lako likubali: kwanza ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uone kama ufunguo upo, uandike kwenye karatasi. Halafu piga picha kila ukurasa wa mipangilio kabla hujabadilisha kitu. Badilisha kimoja, washa, angalia. Ikigoma, rudisha hicho kimoja. Usifanye kama mimi.)

Video ilitoka Jumamosi, imechelewa saa mbili, hakuna aliyejua kwa nini. Watu wakalia na "Umekula?", mnakumbuka ilivyotrendi. Kisha nikaona komenti moja imependwa na watu kibao: angekuwepo yule kupe angeshaiuza hii klipu. Nikaandika jibu refu. Nikalifuta, maana niliahidi. Nilikaa na simu mkononi nikiangalia zile namba za kupenda zinavyopanda.

Wiki iliyofuata nikafanya nilichopaswa kufanya: nikaondoa kufuli la zamani kwenye laptopu, nikaifunga upya, ufunguo mpya nikauweka kwenye akaunti ya jamaa mwenyewe na kopi kwenye karatasi. Nikamwandikia dada kwamba ule wa zamani haufungui tena kitu chochote, anaweza kuufuta. Akanitumia picha ya ukurasa wake, laptopu ile haipo tena kwenye orodha. Chini akaandika, "Sasa ndiyo tumeachana."

Niliomba ruhusa yake kuandika haya, akakubali kwa sharti la majina. Jamaa nilimpigia jana, sikutaka asome hapa kama nyie. Nilimweleza yote, kuanzia flashi. Nilitegemea matusi, na ya kusafisha TPM nilikuwa nayastahili. Akaniuliza tu kama namba ya dada bado ni ileile.

Nikamwambia ndiyo. Mengine siyajui, na nikiyajua hamtayapata kwangu.