Mazutu na ndege wa bahari



Juma lililopita kulitokea mabishano makali katika nyumba ya kulala ya wavulana. Mwalimu wa biologia alikuwa ametueleza juu ya ndege wa bahari waliopakwa mazutu, na namna watu walivyowaosha kwa sabuni, mmoja mmoja. Usiku ndugu mmoja akasema kwa sauti: "Ndege wa Wazungu wanaogeshwa, na sisi hapa tangu Jumatatu hatuna hata kipande cha sabuni!" Tulicheka mpaka mlinzi akaja kugonga mlango. Lakini lile neno halikunitoka, basi kesho yake nikamfuata mwalimu anieleze vizuri. Na jambo la kwanza nililojua ni hili: ndege wale si wa Wazungu. Ni wa Afrika yetu hii.

Wanaitwa pengwini. Hawaruki, mabawa yao ni kama kafi za mtumbwi, nao wanapiga mbizi kutafuta samaki. Wanakaa pwani ya Afrika ya Kusini na ya Namibia tu, na makao yao mengine ni kisiwa cha Robben, kile ambacho Mandela alifungwa miaka mingi. Tarehe 23 mwezi wa 6 mwaka 2000, meli moja jina lake Treasure ilizama kati ya kisiwa hicho na kisiwa cha Dassen. Ilikuwa inatoka Brazili kwenda China, imebeba madini ya chuma. Angalieni vizuri: haikubeba mafuta ya kuuza. Yale yaliyomwagika yalikuwa mazutu ya kuendeshea mashini yake yenyewe, karibu tani 1,300. Tena ulikuwa wakati wa ndege kulala juu ya mayai.

Mimi niko mtoto wa Kalundu, karibu na Uvira, bandari naijua. Mazutu kidogo ikidondoka toka kwa mashua, maji yanapata rangi kama upinde wa mvua, na sisi watoto tulikuwa tunasema ni vizuri kutazama. Kwa hiyo nilifikiri pengwini wanakufa kwa sumu tu. Kumbe sivyo. Manyoya ya ndege wa maji yameshikana kama kitambaa kilichofumwa vizuri, na ndani yake kuna hewa inayomtunza na baridi. Mazutu ikiingia, manyoya yanaachana, maji yanafika kwenye ngozi. Na bahari ya kule ni baridi sana. Ndege anatetemeka, anatoka majini, anasimama kwenye mawe. Hawezi kurudi kuvua. Anakaa na njaa, na chakula kiko pale mbele yake.

Tena kuna jambo lingine lililonihuzunisha kupita yote. Ndege ni kiumbe safi. Akijiona ana uchafu, anaanza kujisafisha kwa mdomo, unyoya kwa unyoya, kama alivyofanya kila siku tangu ni kifaranga. Na kila anapojisafisha anameza. Ile mazutu inamharibu tumbo na damu. Tabia njema aliyopewa na Muumba ndiyo inayomletea kifo. Nani angeweza kumwambia aache?

Basi watu wa Cape Town walifanya nini? Walikusanya karibu pengwini 19,000 waliopakwa, wakawapeleka katika jengo kubwa la kutengenezea magari ya moshi, mahali panapoitwa Salt River. Watu wa kujitolea walikuja kwa maelfu. Kazi haikuwa ya upole: pengwini anauma, tena anauma kweli. Kwanza walimpaka mafuta ya mimea ili mazutu ilegee, ndipo wakamwosha kwa sabuni ya sahani, na kandokando ya macho kwa mswaki. Hapo nilimkumbuka baba mdogo wangu, fundi wa motere, ambaye hunawa mikono kwa mawese kwanza ndipo achukue sabuni. Ni elimu ileile! Kisha walimsuuza sana, maana sabuni ikibaki nayo inaharibu manyoya. Akakaa wiki nyingi akilishwa samaki kwa mkono, mpaka maji yasipenye tena. Wengi kabisa walipona.

Wengine 19,500 hivi, waliokuwa bado wasafi, waliwakamata mbele ya mazutu kuwafikia, wakawapakia katika malori mpaka Port Elizabeth, wakawaachilia majini huko. Kwa nini mbali hivyo? Kwa sababu walijua pengwini atarudi kwao tu. Njia ya bahari ni zaidi ya kilometa 800, na wakati wanaogelea, watu walikuwa wanasafisha pwani. Watatu walifungiwa chombo cha kuonyesha mahali walipo: Peter, Pamela na Percy. Watu walifuata safari yao siku kwa siku, nao wakafika. (Petro huyu hakuzama.)

Sasa nimjibu ndugu yangu wa sabuni. Ana haki ya kuuliza, maana tusidanganyane, shida tunayo. Lakini sabuni ya Salt River haikutoka katika sanduku letu. Na ndege yule hakununua chuma Brazili. Mtu ndiye aliyemwaga, na mtu ndiye aliyeosha. Mimi naona hesabu hiyo ni ya haki. Ningependa kumwuliza swali lingine: inchi yetu nayo ina bahari, kule Muanda, na petroli inachimbwa ndani ya maji yale tangu miaka ya 1970. Kasa wanapanda pale kutaga mayai mchangani. Kasa hana budi kutoka juu kupumua, na mafuta yanaelea palepale juu. Siku ikimwagika mazutu nyingi, nani kati yetu anajua kuosha kasa?

Mwalimu aliniongezea jambo moja ambalo si la furaha. Pengwini wale waliookolewa kwa kazi kubwa wamezidi kupungua, si kwa mazutu tu, bali zaidi kwa kukosa dagaa, kwa sababu meli za uvuvi zinavua palepale wanapokula. Mwaka 2024 waliandikwa katika hesabu ya wanyama walio karibu kabisa kwisha. Jozi zinazotaga hazifiki 10,000. Mwezi wa 3 mwaka 2025 mahakama ya Pretoria ilithibitisha mapatano kwamba meli za dagaa zikae mbali na makao sita ya ndege hao. Robben na Dassen zimo.