Njinjo hadi Kisiwani: Jiwe linamkumbuka nani?

UKIACHA lami pale Nangurukuru na kushika barabara ya Liwale, unaingia Njinjo, kata ya wakulima katika Wilaya ya Kilwa. Msimu ukifika, mazungumzo ya pale ni ufuta: mavuno yamekuwaje, mnada lini, bei gani. Mgeni aliyekuja kutafuta sanamu au mnara uliochongwa ataondoka mikono mitupu. Atakachokuta ni wazee, na ndiyo sababu inafaa safari ya mawe ya Kilwa ianzie huku bara, si kwenye boti kama wafanyavyo watalii.

Kaskazini ya Njinjo vinaanza vilima vya Umatumbi. Huko Nandete, Julai 1905, watu waling'oa mashina ya pamba waliyolimishwa kwa nguvu na Wajerumani, na Vita ya Maji Maji ikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa akigawa maji ya dawa, alinyongwa mwezi uliofuata. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wapo wanahistoria wanaofikisha 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Nandete sasa ina mnara wa kumbukumbu. Lakini kwa miaka mingi mnara wa vita hiyo ulikuwa mdomo wa bibi na babu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi kuandika simulizi za wazee, baadhi yao wakiwa wameiona vita kwa macho. Wazee wale hawapo tena. Waliobaki ni wajukuu, nao wamezeeka.

Ukirudi barabara kuu kuelekea pwani, chepuka kidogo uingie Kilwa Kivinje. Mji huu una jiwe la kumbukumbu la Wajerumani wawili waliouawa Septemba 1888. Pembezoni mwake ni Mwembe Kinyonga, mahali waliponyongewa wapiganaji. Wageni wawili waliwekewa jiwe mapema. Wenyeji waliotundikwa pale walikumbukwa kwanza kwa jina la mti. Mzazi mwenye watoto wadogo ajiandae, maana maswali yatakuja mfululizo.

Yapo mataifa mengine yaliyongoja jiwe kwa muda mrefu. Wapueblo, wenyeji wa asili wa jimbo la New Mexico nchini Marekani, waliasi utawala wa Wahispania mwaka 1680 wakiongozwa na Po'pay. Walipeana siku ya kuanza kwa kamba yenye mafundo: kila siku fundo moja likafunguliwa. Mwaka 2005, miaka 100 kamili tangu Maji Maji, sanamu yake ya marumaru iliwekwa katika jengo la Bunge mjini Washington. Aliyeichonga, Cliff Fragua, ni Mpueblo wa Jemez. Hakukuwa na picha ya Po'pay ya kumwongoza, hivyo aliichonga sura kwa kuiwazia, akamshikisha kamba ya mafundo, na mgongoni akaweka makovu ya viboko vya Wahispania. Mtu aliyekua akisikia habari za hamsa ishirini hahitaji kufafanuliwa makovu hayo. Kinjikitile naye watu wa Umatumbi wanamjua kwa jina na kwa maneno, si kwa sura.

Kilwa Masoko utachukua kibali, kisha boti hadi Kisiwani. Hapo ndipo utaamini kuwa pwani hii ilikuwa na wachonga mawe hasa. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, magumu na yenye makorongo, yakashikwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Kazi ya urembo ilitaka jiwe jingine. Mafundi walikata tumbawe bichi chini ya maji. Likiwa na unyevu, jiwe hilo lilikubali patasi karibu kama mti laini. Likikaa hewani, liligeuka gumu. Fundi alilazimika kujua atakachochonga kabla jiwe halijakauka. Kwa njia hiyo walitoa mihrabu, fremu za milango na maandishi.

Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11, ukapanuliwa sana na Sultani al-Hassan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Sultani huyohuyo alijenga kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali, lenye birika la kuogea la pembe nane. Likahamwa kabla halijakamilika. Jina la sultani lilipatikana humo, limechongwa kwenye jiwe. Jina la fundi halipo.

UNESCO iliweka magofu ya Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwani bahari ilikuwa ikiyala.

Familia ya Njinjo inayopanga kwenda isikimbilie nauli. Jioni ya kuamkia safari, watoto wakae na mzee wa nyumba awatajie majina: nani alikimbilia wapi wakati wa vita, nani hakurudi, amezikwa upande gani wa mto. Daftari moja linatosha. Mzee akichoka, mwacheni alale. Muulizeni tena mkirudi.