Maji ya Karuru, Taa ya Nyumbani

Njia ya kuteremkia maporomoko ya Karuru, katika Mbuga ya Aberdare, ni fupi lakini kali. Ukishuka unashika matawi. Ukipanda unatweta, kwani huko juu hewa ni nyepesi. Maji huanguka mita 273, kwa ngazi tatu.

"Baba, yote haya huenda wapi?" binti yangu aliuliza.

Nikamweleza: huingia mto Gura, kisha Tana, hadi bwawa la Masinga, yakazungushe mitambo ya stima. Nikamsimulia mwaka wa 2000, ukame ulipopunguza maji ya mabwawa, nasi Nairobi tukagawiwa stima kwa saa.

Akautazama msitu kimya. Tangu siku hiyo, taa ya chumba kitupu huizima yeye, bila kuambiwa.