Mtoto wa Mitwaba kwenye Bustani ya Wanyama ya Lubumbashi

Mitwaba, nchini Kongo, iko kaskazini mwa Lubumbashi, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara ya vumbi inayopitia Likasi. Sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1939, imo ndani ya wilaya ya Mitwaba, na Lusinga, makao makuu ya hifadhi, ni huko huko. Kwa mtoto aliyekulia Mitwaba miaka ya 1980, wanyama hawakuwa kitu cha kwenda kutazama. Tembo alikuwa habari za jirani: shamba la nani limekanyagwa, kundi limepita upande gani. Nyani alikuwa mwizi wa mahindi. Swala alikuwa mboga, na hakuna aliyeona ajabu.

Kwa hiyo shangazi yake alipomleta mjini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kumwambia kwamba Jumapili watakwenda kuwaona wanyama, mtoto huyo alishangaa. Kulipa ili umwone nyani?

Walikwenda, na hawakuona kitu cha maana. Vizimba vingi vilikuwa vitupu, nyavu zimeliwa na kutu, majani yamemea mpaka ndani. Shangazi, aliyekuwa akija hapo tangu ujana wake, alipita kizimba hadi kizimba akieleza nani alikuwa anakaa wapi, kama mtu anayeonyesha nyumba za majirani waliohama. Mji ulikuwa umetoka kwenye uporaji wa Oktoba 1991. Gécamines, kampuni ya shaba iliyokuwa baba na mama wa Lubumbashi, ilikuwa inaanguka: mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba, lakini kufikia 1994 haikufika hata tani 50,000. Wafanyakazi waliozoea kupokea posho ya unga wa mahindi kila mwezi walibaki wakingoja mishahara isiyokuja. Mahali ambapo watoto wa watu wanalala na njaa, nani angemlisha simba? Wenyeji husimulia kwamba wanyama wengi walikufa kwa njaa na wengine waliishia chunguni. Ni vigumu kuwalaumu walioonja nyama ile.

Njaa hiyo hiyo ndiyo iliyojaza barabara chakula. Hili mtoto yule wa Mitwaba, msafiri wetu, alilielewa baadaye sana, alipokuwa mtu mzima. Zamani mke wa mfanyakazi wa Gécamines alipika nyumbani kwa unga wa kampuni, na kumwona ameketi barabarani na sufuria kungekuwa aibu kwa mume. Mishahara ilipokatika, akina mama walitoka. Mmoja alianza kukaanga mikate, maandazi madogo ya mviringo, mbele ya mlango wake. Mwingine aliweka benchi na meza chini ya mwembe, akapika bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo), na malewa, mgahawa wa barabarani, ikawa imefunguliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, waliochunguza maisha ya kaya za mji huo wakati nchi ikiwa bado vitani, walikuta familia nyingi zikisimama kwa biashara hizi ndogo za wanawake. Mwaka 2004 Pierre Petit alihariri kitabu kizima kuhusu ulaji wa Lubumbashi, kiitwacho Byakula.

Malewa haikuondoka njaa ilipopungua. Leo fundi, mwanafunzi na karani wa benki wanakaa benchi moja.

Msafiri aliyeshuka gari la Likasi asubuhi anaweza kula siku nzima bila kuingia mahali penye mlango. Mikate ya moto kwa chai ni franka mia chache. Saa sita kuna bukari: unga wa mahindi uliosongwa ukaiva sawasawa, sombe au lengalenga (mchicha), na kipande cha samaki aina ya Thomson anayefika kutoka bahari ya mbali akiwa kwenye barafu. Unga wenyewe sehemu kubwa unatoka Zambia, kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na malori yakisimama huko, tonge linapungua kwenye sahani za Lubumbashi. Mwaka 2023 bei ya mfuko wa kilo 25 ilipanda hadi watu wakaizungumzia kuliko siasa.

Kiu inakatwa kwa munkoyo, uji mwepesi wa mahindi uliotiwa mizizi iliyopondwa ukalala hadi ukapata utamu wenye uchachu kidogo.

Lakini chakula kinachomfanya mtu wa Mitwaba asimame ni kikanda. Katika soko la komini ya Kenya, hapo hapo Lubumbashi, mama mmoja anacho juu ya meza, kimekaa kizima kama mkate mpana wa rangi ya udongo mwekundu. Anakikata kwa kisu alichokilowesha maji ili kisinate, anaweka vipande kwenye karatasi, anauliza: "Papa, na pilipili?" Ndani kuna karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili, na kitu kinachokishikisha chote: unga wa viazi vidogo vya okidi za porini. Viazi hivyo huchimbwa kwa mkono kwenye mbuga za nyanda za juu, hukaushwa, hutwangwa, kisha unga wake hupikwa pamoja na karanga huku ukikorogwa bila kupumzika hadi ugande. Ukikitafuna ni laini lakini kinarudisha jino, na wengi husema kinakaribia ladha ya nyama.

"Hivi viazi vinatoka wapi, mama?"

"Ah, Papa, vya pori. Vinatoka mbali sasa. Zamani walivileta wa hapa karibu."

Jibu hilo lina uzito. Okidi inayochimbwa kiazi chake haichipui tena, na hakuna shamba la okidi. Kila kipande cha kikanda ni mmea uliong'olewa. Ng'ambo, nchini Zambia, ambako chakula hiki kinaitwa chikanda na kinapendwa vilevile, mbuga za karibu zilimalizwa, wachuuzi wakavuka hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005 na inayosifika kwa maua yake, iko huko, na ilizaliwa kwa sehemu kutokana na hofu kwamba na huko okidi zingeisha. Msafiri alikula kikanda chake chote. Ni kitamu, na ni urithi. Ila kuanzia hapo alikitazama kwa wasiwasi, kama anavyoitazama sasa nyama ya porini.

Bustani ya wanyama nayo imefufuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa mji waliamua kuirudisha, vizimba vikajengwa upya, miti ikatunzwa, wanyama wakaanza kurudi. Mwaka 2006 Franck na Roxane Chantereau walianzisha ndani yake kituo cha J.A.C.K. cha kuwalea sokwe mtu wachanga walionyang'anywa wachuuzi. Sokwe mchanga hafiki sokoni peke yake: mama yake, na mara nyingi ndugu zaidi, huuawa kwanza, nao huwa nyama. Mtoto huuzwa kama kitu cha kuchezea.

Mwaka huo wa 2006 msafiri anaukumbuka kwa sababu nyingine. Mwezi Mei, Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa wapiganaji wa Mai-Mai ambaye vita vyake vilichoma vijiji kati ya Manono, Mitwaba na Pweto, alijisalimisha pale pale Mitwaba. Maelfu ya watu walikuwa wamekimbia mashamba yao, wakiwemo wa ukoo wa msafiri. Watu wenye silaha wanaoishi porini hula kilicho porini, na Upemba, iliyokuwa na makundi makubwa ya tembo, ilibakiwa na wachache. Lusinga yenyewe ilishambuliwa. Mkuu wa hifadhi, Atamato Madrandele, aliuawa na Mai-Mai Desemba 2012. Rodrigue Mugaruka Katembo, aliyeongoza Upemba baada yake, alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2017.

Hivyo mambo yamegeuka. Zamani Mitwaba ilikuwa na wanyama na bustani ya mjini ilikuwa na vizimba vitupu. Leo mtoto wa Mitwaba humwona simba kwa mara ya kwanza Lubumbashi, akiwa ameshika mkate wa mafuta, na baba yake hana cha kumsimulia zaidi ya alichosimuliwa yeye. Jumapili bustani hujaa. Mbele ya mamba watoto hupiga kelele "Mazembe!", maana nembo ya klabu yao ya TP Mazembe ni mamba aliyebana mpira mdomoni. Majina ya Simba na Tembo yako kwenye chupa za bia za mji huo, kila meza. Jioni, katika komini ya Kamalondo, moshi wa michopo umetanda, mbuzi anakatwakatwa juu ya gogo na kutiwa vitunguu na pilipili, na tembo pekee anayetajwa mezani ni wa chupa. Msafiri aliona huzuni kubwa katika hilo.

Wala kizimba si kinga kamili. Septemba 2022 watu waliingia usiku katika kituo cha J.A.C.K. wakaiba sokwe wachanga watatu, Monga, César na Hussein, kisha wakatuma video wakidai pesa. Ulimwengu wa uhifadhi ulikuwa haujawahi kusikia sokwe wakitekwa kwa namna hiyo.

Bustani ni nzuri, na anayefika Lubumbashi aende, asubuhi kabla jua halijawa kali, na asiwatupie wanyama mikate yake. Lakini isiwe mwisho wa somo. Shule za Lubumbashi zinazowapeleka watoto kutazama sokwe ziwafundishe pia kuhusu Upemba, askari wake wa wanyamapori na vijiji vinavyoizunguka, kwa sababu watoto hao ndio watakaoamua kesho kama hifadhi hiyo ilindwe. Punda milia wa mwisho wanaoishi huru katika Kongo nzima wako huko.